Betri mpya inaisha kabla ya wiki, pikipiki ilikaa ghalani muda mrefu. Nianze kupima wapi?

Mpandishaji, Butere

Habari zenu mafundi na waendeshaji. Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija huku Butere na vijiji vya karibu. Ng'ombe akiingia joto, mwenyewe anapiga simu alfajiri na lazima nifike siku hiyo hiyo, mtungi wa mbegu nimeufunga nyuma. Bila pikipiki sina kazi.

Mwaka jana nilienda masomoni, pikipiki ikabaki kwa mama ndani ya ghala la mahindi, imefunikwa magunia. Ni ya Kihindi, 150cc, ya kabureta, ina stata na kiki. Hakuna aliyeiwasha wala kuchomoa betri muda wote huo. Niliporudi ilikuwa kimya kabisa, ukizungusha ufunguo hata taa ya nyutro haiwaki. Fundi wa hapa alipima betri akakuta volti 10 na kitu, akasema imekufa. Hilo nilikubali. Nikanunua mpya, ya maji, ganda jeupe unaloona ndani, imeandikwa 12V 5Ah, yaani volti 12, ampea-saa 5. Ilitiwa asidi palepale dukani, ikafungwa, stata ikapiga vizuri nikaenda zangu.

Siku chache baadaye nikaamka asubuhi stata inapiga tak-tak-tak tu. Kwa kiki inawaka bila shida. Honi inakoroma, indiketa zinawaka bila kupepesa. Nikaipeleka betri kwa jamaa anayechaji betri za magari, ikarudi na nguvu, na kabla ya wiki kuisha ikawa kimya tena.

Sasa fundi anasema rektifaya (inayogeuza umeme wa magneto uchaji betri) imeungua, koili ya magneto (inayouzalisha umeme huo kwenye injini) nayo "huenda", na betri hii mpya "imeshaharibika", kwa hiyo ninunue vyote vitatu. Kipimo chake kilikuwa hiki: aliwasha kwa kiki, akachomoa waya wa betri injini ikinguruma, taa ya mbele ikapungua mwanga, akaniambia umeona mwenyewe.

Nina mita ndogo ya dijitali niliyonunua ya kupimia betri ya sola nyumbani. Kusoma volti najua, zaidi ya hapo nitahitaji kuelekezwa. Nipime nini, na kwa utaratibu gani, kabla sijatoa pesa?

Stage Nyalenda

Ndugu, usijisumbue sana. Sisi hapa stage betri ikilala tunapiga kiki, unakamata safari moja ndefu, inajaa yenyewe barabarani. Piga Butere mpaka Kisumu na kurudi, taa zikiwa zimezimwa. Ikikataa hapo ndipo ubadilishe rektifaya. Soko la Kibuye ziko tele.

Mama Waya, Kondele

Mpandishaji, karibu. Mimi ni fundi wa umeme wa pikipiki hapa Kondele. Injini nimewaachia wengine, mimi ni nyaya tu, ndiyo maana wananiita hivyo. Swali lako ni zuri kwa sababu umeuliza utaratibu. Pesa ikae mfukoni kwanza, tuisikilize mita.

Kabla ya yote, kile kipimo cha kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma, usimruhusu mtu akufanyie tena. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeletewa pikipiki nyingi zilizoumizwa hivyo. Umeme unaotoka kwa magneto unaruka-ruka, na betri ndiyo inayoutuliza. Ukiiondoa ghafla, volti zinapanda, na kinachoungua ni balbu, au rektifaya yenyewe, au kile kisanduku cha CDI, kinachotuma cheche kwenye plagi, ambacho bei yake itakutoa machozi. Yaani fundi anachukua rektifaya nzima, anaiua kwa kuipima, kisha anakuuzia nyingine. Na taa kufifia hakuthibitishi kitu. Kuna pikipiki ambazo taa kubwa inakula moja kwa moja kutoka kwa magneto, betri iwepo isiwepo, inapanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta.

Ndugu wa Nyalenda, nakuheshimu, lakini safari ndefu inasaidia tu kama njia ya kuchaji ni nzima. Ikiwa imekatika mahali, hata afike Busia betri itarudi vilevile ilivyotoka. Na hata kama ni nzima, magneto ya pikipiki ndogo haikutengenezwa kufufua betri iliyolala kabisa. Betri tupu inavuta umeme mwingi mfululizo, koili na rektifaya zinapata joto, na mwisho unakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Betri tupu inachajiwa ikiwa imetolewa.

Sasa wewe. Huwezi kuuhukumu mfumo wa kuchaji ukiwa na betri isiyojaa. Mita itakupa namba za ajabu na utamlaumu asiyehusika. Kwa hiyo tunaanza na betri, na ifike kwenye ukweli wake.

Itoe. Fungua hasi kwanza, halafu chanya. Ukianza na chanya na spana iguse fremu, utaona cheche zitakazokutisha. Wakati wa kurudisha ni kinyume, chanya kwanza, hasi mwisho. Tazama maji kupitia ganda. Kuna mistari miwili, wa juu na wa chini, na kila chumba kati ya vile sita kina kiwango chake, kwa hiyo vitazame vyote. Kama kuna kilichoshuka mpaka vibao vimeanza kuonekana, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, yafunike vibao tu. Ukifikisha mstari wa juu sasa hivi, yatapanda wakati wa kuchaji na kumwagika. Utamalizia baada ya chaji. Usiongeze asidi. Dukani wengi huita vyote viwili "maji ya betri", kwa hiyo soma chupa. Asidi inaingia siku ya kwanza peke yake, kinachopungua baadaye ni maji.

Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, yeyusha magadi kwenye maji ya vuguvugu, funga vifuniko vyote vizuri, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha. Magadi yale yale ya kupikia mboga yanaua asidi. Hata ikikudondokea nguoni, hayo hayo.

Sasa kuchaji, na hapa ndipo betri nyingi ndogo huku kwetu zinapouawa. Betri ya 5Ah inataka chaji ya karibu nusu ampea, sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, kwa saa kumi hivi au zaidi kidogo. Chaja ya magari inaweza kuisukumia ampea kumi. Itachemka, vibao vitapukutika, na itakurudia ikiwa na nguvu ya siku mbili. Yako imeshapita huko mara moja, na pia ilitiwa asidi na kufungwa saa hiyo hiyo. Betri kavu ikishatiwa asidi inatakiwa itulie nusu saa au zaidi, kisha ichajiwe polepole kabla ya kuguswa na stata. Yako ilianza maisha haijashiba.

Huna chaja ndogo? Tumia ya yule jamaa, lakini kwa njia hii. Chukua balbu ya indiketa ya 12V 10W, ishike kwa nyaya mbili, na umeme wa chanya wa chaja upite ndani ya balbu kabla ya kufika chanya ya betri. Hasi inaenda moja kwa moja. Balbu inakuwa mlinda mlango: haiwezi kupitisha hata ampea moja, na betri inavyojaa umeme unaopita unazidi kupungua. Mwanzoni utaiona ina mwanga wa machungwa, baadaye unafifia. Kila baada ya muda pima kwenye vichwa vya betri. Ikifika volti 14.4 hivi, itoe. Fungua vifuniko vya juu wakati wa kuchaji, weka mahali pa wazi, asiwepo mtu wa sigara wala jiko karibu. Ile hewa inayotoka ni haidrojeni na inalipuka. Nimewahi kuona ganda la betri lililopasuka vipande ndani ya kibanda cha watu, na aliyekuwa ameinama juu yake alikimbizwa hospitali kwa ajili ya macho.

Ikishajaa usiipime palepale. Volti za juujuu zitakudanganya. Iache ilale usiku kucha haijaunganishwa na chochote. Asubuhi, mita kwenye 20 ya DC. Ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 imebaki robo. Ikisimama kwenye 10.5 baada ya chaji ya usiku mzima, kuna chumba kimoja kimekufa, maana kila chumba kinatoa kama volti 2.1 na hapo zimebaki za vyumba vitano. Huenda ndiyo hadithi ya ile betri yako ya kwanza. Ilikaa tupu miezi mingi, vibao vikavaa ukoko mgumu wa salfeti, na ukoko wa namna hiyo hauvunjiki tena kwa chaja. Huko fundi alisema kweli.

Kisha ifunge, piga stata huku unatazama mita. Ikishuka lakini ikabaki juu ya 10, au hata 9.6, betri ina nguvu. Ikidondoka mpaka 7 au 8, imeisha ndani hata kama ilisoma 12.6 ikiwa imelala.

Mwisho, injini ikiwa na moto, sindano za mita ziwe juu ya vichwa vya betri vyenyewe. Soma ikinguruma polepole, kisha vuta mafuta taratibu mpaka sauti ile ya gia ya tatu ukipanda kilima cha Riat, ishikilie, soma tena. Inatakiwa ipande ikae kati ya 13.5 na 14.5 au kidogo tu zaidi. Ikibaki pale ilipokuwa, chaji haifiki. Ikivuka 15, rektifaya imeshindwa kuzuia na inaichemsha betri yako.

Niletee namba zote, hata zile zinazoonekana hazina maana.

Mpandishaji, Butere

Mama, asante sana. Sikutegemea mtu aandike hivi kwa ajili yangu.

Maji yalikuwa chini ya mstari kwenye vyumba viwili vya upande mmoja, nadhani ni kule kuchemshwa na chaja ya gari. Nikafunika vibao, nikachaji kwa ile njia ya balbu. Ilianza na mwanga wa machungwa kama ulivyosema, asubuhi ilikuwa nyuzi nyekundu tu ndani ya kioo.

Baada ya kulala: 12.6.
Stata: ilishuka hadi 10.4, injini ikashika.
Injini ikinguruma polepole: 12.4.
Nikivuta mafuta: 12.5. Haipandi tena hata nikivuta zaidi.
Nikiwasha indiketa na kukanyaga breki: 12.1.

Betri naona iko sawa, nimefurahi. Lakini 12.5 haina ubishi, chaji haifiki. Basi fundi alikuwa sahihi kuhusu rektifaya?

Section 58, Nakuru

Naingilia kidogo. Umesema uliamka asubuhi ukaikuta imeisha. Je, pikipiki ina alamu au kifaa cha kuifuatilia kwa simu? Yangu ilikuwa inaamka tupu kila nikirudi kutoka safari ya kazi, na kila fundi hapa Nakuru alikuwa anaangalia chaji. Chaji ilikuwa nzima. Kisanduku cha alamu chini ya kiti ndicho kilikuwa kinainyonya usiku na mchana, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Tazama hapo.

Mama Waya, Kondele

Section 58, swali la maana hilo, na nitalirudia.

Mpandishaji, bado. 12.5 inasema chaji haifiki kwenye betri. Haisemi imepotelea wapi. Kuna sehemu tatu: magneto inayouzalisha umeme, rektifaya inayougeuza na kuupunguza, na njia kati ya rektifaya na betri. Fundi wako ameruka ya tatu, nayo ndiyo ninayoanza nayo kila mara pikipiki ikitoka kulala. Koili iliyofungiwa ndani ya injini haina sababu kubwa ya kufa ghalani. Soketi, nyumba ya fyuzi na bolti ya hasi kwenye fremu ndivyo vinavyoliwa na unyevu, hasa huko kwenu ambako mvua haikati. Na ghala la mahindi lina panya, na panya hupenda ganda la waya.

Tafuta rektifaya. Ni kile kipande cha alumini chenye mapezi, kina soketi ya nyaya kadhaa. Usiichomoe. Ingiza sindano nyekundu ya mita kwa nyuma ya soketi mpaka iguse chuma cha waya wa chanya unaoelekea betri, mara nyingi ni mwekundu, lakini fuata waya kwa macho, usiamini rangi. Nyeusi iweke kwenye hasi ya betri. Washa, vuta mafuta, soma. Sasa hapo hapo hamisha ile nyeusi uiweke kwenye chanya ya betri, nyekundu ibaki kwenye soketi. Mita itakuonyesha volti zinazopotelea njiani. Njia nzima inapoteza kidogo sana, sifuri nukta moja au mbili. Ikifika nusu volti kuna mahali pamechoka. Ikipita moja, umempata mwizi. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi: waya wa hasi wa rektifaya hadi hasi ya betri.

Fikiria inavyokuwa. Rektifaya inajipima yenyewe pale ilipo. Inaona 14 na kitu mlangoni kwake, inajua kazi imeisha, inatulia. Haijui kwamba betri kule mwisho inapata makombo. Ukibadilisha rektifaya kwa mpya, nayo itafanya hayo hayo, na ndipo watu huanza kusema spea zote za siku hizi ni bandia.

Ikiwa njia zote mbili ni nzima na kwenye soketi pia unapata 12.5, hapo tunaenda kwa magneto. Zima injini, chomoa soketi ya nyaya zinazotoka kwenye injini, kwa nyingi za aina yako ni tatu za njano. Zikiwa tatu, weka mita kwenye 200 ya AC, washa kwa kiki, pima mbili mbili: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Namba halisi inategemea pikipiki, lakini zote tatu zinatakiwa zifanane na zipande pamoja ukivuta mafuta, zivuke 40 au 50 kwa urahisi. Moja ikibaki nyuma, koili imeungua upande huo. Usizishike kwa vidole zikiwa hai, zinarusha. Kisha zima, weka mita kwenye omu, pima kila waya wa njano na fremu. Isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha, koili imegusa chuma. Magneto ikiwa nzima na njia ikiwa nzima na bado 12.5, ndipo nitakwambia nunua rektifaya, na utainunua ukiwa na uhakika.

Sasa la Section 58. Ufunguo umezimwa, fungua hasi ya betri. Hamisha sindano nyekundu ya mita kwenye tundu la 10A, uzungushe pia kitufe hapo. Sindano moja kwenye waya wa hasi uliouchomoa, nyingine kwenye hasi ya betri, ili kila umeme unaotoka upite ndani ya mita. Ukiona ni sifuri sifuri, ndipo ushuke kwenye 200 za miliampea, sindano nyekundu ukiihamishia tundu lenye alama ya mA. Usiguse ufunguo wala stata wakati huo. Fyuzi ya mita itakatika, na tundu la 10A la mita hizi ndogo mara nyingi halina fyuzi kabisa, mita nzima itaenda. Pikipiki isiyo na alamu inatakiwa isome sifuri au miliampea moja mbili. Ukipata zaidi, chomoa kimoja kimoja mpaka ishuke.

Ukimaliza rudisha sindano kwenye tundu la volti. Ukisahau ukaenda kupima betri, utakuwa umeunganisha chanya na hasi kwa waya mtupu.

Mpandishaji, Butere

Mama! Nimeipata, na Section 58 pia amepatia.

Kwenye soketi ya rektifaya, nikivuta mafuta: 14.2. Kwenye betri wakati huo huo: 12.5. Nyekundu kwa nyekundu: 1.7. Upande wa hasi 0.1, kwa hiyo huko ni sawa.

Nikafuata waya mwekundu kwa vidole kutoka rektifaya. Unapita chini ya kiti unaingia kwenye nyumba ya fyuzi, ile ndogo nyeusi ya plastiki. Kwa nje ilikuwa inaonekana nzuri kabisa. Nilipoifungua, fyuzi ilikuwa nzima lakini mguu wake mmoja umeota kijani, na ndani ya kile kikombe kinachoubana kumejaa unga wa kijani na bluu. Plastiki ya upande huo imekuwa kahawia na kulainika, ukitikisa fyuzi inacheza. Upande wa pili chuma bado kinang'aa. Fundi alikuwa ameichomoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga, akasema nzima, akairudisha. Na kweli ilikuwa nzima.

Nimenunua nyumba mpya ya fyuzi yenye nyaya zake Mumias, nikakata ile ya zamani mpaka nikapata waya wa rangi ya shaba safi, nikaunganisha kwa risasi na kufunika. Sasa injini polepole 13.3, nikivuta 14.2 kwenye betri yenyewe. Indiketa zinapepesa.

Ile ya usiku: mita ilisoma miliampea 31 ufunguo ukiwa mkononi. Nina alamu, nilifungiwa kabla ya kwenda masomoni na nilikuwa nimeisahau kwa sababu rimoti ilipotea. Nilipochomoa soketi yake ikashuka hadi 1.

Mama Waya, Kondele

Nimefurahi hadi nimewasomea vijana wa hapa karakana. 1.7 jumlisha 12.5 ni 14.2. Mita ikikubaliana na hesabu namna hiyo hakuna kubahatisha tena.

Tazama na hizo 31. Kwa saa 24 ni kama miliampea-saa 744, robo tatu ya Ah kila siku. Betri ya 5Ah ikiwa imejaa kabisa inamalizwa kwa muda usiofika wiki, na yako haikuwa ikijazwa. Ndiyo maana ilikuwa inakufa kabla ya wiki kuisha, kila mara. Na ndiyo alamu iliyoua ile betri ya kwanza ghalani, kabla unyevu haujafanya lolote. Alamu ilimaliza betri, unyevu ukafunga njia ya kuijaza, vyote viwili pikipiki ikiwa imesimama tu chini ya magunia.

Usikate waya za alamu ovyo. Chomoa soketi, zile ncha zifunge kwa tepu. Kama umepoteza rimoti haikulindi kitu, iondoe kabisa, lakini hakikisha haijapitishwa kwenye waya wa CDI, maana nyingine huunganishwa hapo ili kuzuia injini kuwaka. Ikiwaka baada ya kuichomoa, uko salama.

Fyuzi iwe ya ampea ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Usikubali kubwa zaidi wala waya wa shaba. Fungua pia bolti ya hasi kwenye fremu, hata kama imesoma 0.1 leo. Ipige msasa, rudisha, ipake grisi kwa juu. Soketi ya stata na ya swichi ya ufunguo zilikaa ghala lile lile, zifungue uzitazame. 

Mpandishaji, Butere

Nitafanya yote Jumapili. Maswali mawili ya mwisho, Mama. Nitarudi chuoni kwa mitihani na pikipiki itakaa tena miezi kadhaa. Nyumbani kuna paneli ya sola ya wati 10 isiyotumika, naweza kuiacha imeunganishwa na betri? Na pili, fundi wangu ni jirani na ni mtu mzuri, alinisaidia sana mzee wangu alipokuwa mgonjwa. Nitamwambiaje?

Mama Waya, Kondele

Paneli ya wati 10 inafaa sana, jua kali likiwaka inatoa kama 0.6 ya ampea, karibu kile kile betri yako inachotaka. Lakini ipitie kwenye kile kisanduku cha kudhibiti chaji. Paneli ya 12V ikiwa peke yake inafika volti 17 na zaidi, na betri ndogo ikijaa haina pa kuuweka umeme huo, itachemka mpaka ikauke, na mama hatajua. Kama huna kisanduku, basi njia rahisi: ijaze, itoe, iweke ndani ya nyumba juu ya meza mahali pa baridi, mbali na watoto na mbali na jiko, na mtu aichaji kila mwezi. Joto ndilo linaloifanya iishe haraka ikiwa imelala, huku Kisumu naliona wazi kuliko wanaokaa Nakuru. Isishuke chini ya 12.4.

Kuhusu fundi, mpelekee ile nyumba ya fyuzi ya zamani, umwachie aishike mwenyewe na kuifungua. Chukua na mita. Kaeni kwenye pikipiki ya mteja mwingine, mpime volti zinazopotea kutoka soketi ya rektifaya hadi betri, mara moja tu, yeye akiwa ndiye anayeshika sindano. Mtu anayeishi kwa kazi ya mikono akiona kipimo kinafanya kazi atakichukua, na wateja wake wote wa Butere watafaidika. Akitaka kuuliza kitu, mwambie aandike hapa hapa, nitamjibu.